Masahihisho ya Joséline

Mwalimu Pudensiana hakuwa mwalimu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Mwalimu mbaya ukishamsema unapumua, unaenda zako. Huyu alikuwa wa kuamka saa kumi na moja, kufagia ofisi kwa mkono wake, kuingia darasa la pili lenye watoto tisini na watatu waliobanwa wanne wanne kwenye madawati ya wawili, na kutoka mchana koo limekauka, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Mfipa wa Sumbawanga, aliletwa na barua ya serikali kwenye kijiji kimoja cha Katumba, nje kidogo ya Mpanda, katikati ya Warundi waliopewa uraia. Akaambiwa fundisha, akafundisha. Miaka kumi na moja. Hata malaria haikumlaza kitandani siku ya kipindi. Sasa mtu wa namna hiyo utamlaumu ukianzia wapi? Tutamlaumu hata hivyo, maana mwenyewe ameshajilaumu, ametubakizia kazi ndogo tu.

Mambo yalianza mwezi wa kumi, msimu wa kumwagilia vitalu vya tumbaku. Vitabu vipya vya hisabati vilikuwa vimefika, kimoja kwa watoto kumi na wawili. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mizani ya sahani mbili, na chini yake hesabu za ajabu ajabu. Kisanduku kitupu kilikaa katikati, na baada ya kisanduku kuna namba nyingine tena. Pudensiana aliitazama ile mizani, akaitazama saa, akakumbuka kwamba ratiba imemwacha nyuma wiki tatu na mizani yenyewe shuleni haipo. Picha akairuka. Akaandika ubaoni:

8 + 4 = □ + 5

"Nani atatujazia kisanduku?"

Vidole vikawa msitu. "Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!" Akaitwa Fabrice, mtoto anayeshika namba moja kila muhula, akaja mbio na kuandika 12. Wenzake wakampigia makofi, mwalimu akaweka alama ya vema, kubwa. Nane na nne ni kumi na mbili, nani asiyejua? Ile tano iliyobaki mwisho wa mstari hakuiuliza imefuata nini pale. Aliona ni mbwembwe za waandishi wa vitabu, watu wa mjini wenye nafasi.

Kidole kimoja kikabaki juu, kule nyuma karibu na mlango. Kilikuwa cha Joséline, binti wa Polycarpe mkulima wa tumbaku, miaka minane, mtoto ambaye ukimuuliza jina unaweza kumaliza chai kabla hajakujibu.

"Mwalimu, ni saba."

Darasa likacheka. "Saba imetoka wapi?" mwalimu akauliza.

Joséline akaja mbele taratibu. "Ni kama baiskeli ya data," alisema. Data ndiyo baba kwa Kirundi, na Pudensiana alishalizoea neno hilo. "Tukienda kuchota maji ya vitalu, data anafunga dumu huku na dumu huku. Mimi ndiye ninayejaza, kwa jagi. Huku nikiweka majagi nane na manne, na kule yapo matano tu, baiskeli inalala upande. Lazima kule niongeze saba. Hapo ndipo inasimama." Akanyoosha mkono mpaka ukafika kwenye vile vistari viwili vya alama ya usawa. "Baiskeli yenyewe ni hii hapa."

Lo, mtoto wa miaka minane! Wapo watu wamepanda madarasa mpaka vyuo, wamezeeka, wamezikwa, hawajawahi kuiona baiskeli ile. Yeye aliiona akiwa peku, kwenye darasa lisilo na sakafu. Na hakuna aliyemwonyesha, isipokuwa dumu la maji lililowahi kumwangukia mguuni.

Lakini jua lilikuwa kali, bati linalia, watoto tisini na wawili wamekwisha kucheka na kengele inakaribia. "Joséline," mwalimu akasema, "baiskeli ni baiskeli, hesabu ni hesabu. Usituchanganyie."

Mwingine angerudi kukaa. Yeye akasimama pale pale. "Lakini mwalimu, itaanguka."

Kicheko cha mara hii kilisikika mpaka darasa la nne. Pudensiana akachukua fimbo akamchapa mbili za kiganja. Hazikuwa za hasira. Zilikuwa zile za kila siku, za kumwambia mtoto asibishane na mkubwa. Joséline hakulia, alikunja viganja akaenda kukaa, na tangu siku hiyo wenzake wakaacha jina lake, wakamwita Baiskeli.

"Umefanya vizuri," mwalimu mkuu Aloyce alimwambia wakati wa chai, maana alikuwa amesikia kelele. "Samaki mkunje angali mbichi."

Mwezi wa kumi na moja ukaja na mtihani wa kumaliza mwaka. Hesabu kumi. Ukipata tano unapanda la tatu, ukipungukiwa unakariri darasa. Pudensiana aliutunga mwenyewe, na tatu za mwisho alizitoa kwenye ukurasa ule wa mizani aliouruka. Majibu yake aliyaandika pembeni: 12, 13, 14. Alisahihisha Jumamosi nzima barazani kwake, kalamu nyekundu mkononi, akifurahi jinsi darasa lilivyoshika. Karibu watoto sabini walikuwa na kumi na mbili yao, safi kabisa.

Karatasi ya Joséline ilimkasirisha. Saba tena! Ya pili, 6 + 7 = □ + 6, ameandika 7. Ya tatu, 9 + 5 = □ + 4, ameandika 10. Na chini ya kila alama ya usawa alikuwa amechora viduara viwili vidogo vimeunganishwa na mstari. Pudensiana akapiga kosa, kosa, kosa. Juu akaandika kwa herufi kubwa: USICHORE KWENYE MTIHANI. Jumla, nne.

Kisha yakaja masahihisho. Ndivyo desturi ya shule ilivyo, tena si shule ile peke yake. Mtoto akikosa anapewa jibu, analiandika kwenye daftari mpaka limkae. Joséline alipewa mara hamsini kwa kila hesabu. Wiki ya mwisho ya mwaka, wenzake wanacheza nage uwanjani, yeye alikuwa darasani na daftari lake, anaandika: 8 + 4 = 12 + 5. 8 + 4 = 12 + 5. Anafika chini ya ukurasa, anafungua mwingine. Mara moja mwalimu alipita, akamwona ameshika kalamu bila kuandika, anautazama ule mstari kama mtu aliyeona kitu kinataka kudondoka. "Andika," akamwambia, na mtoto akaandika.

Siku ya kufunga shule wazazi walikaa kwenye mabenchi nje, na majina yakasomwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, hadharani, kama ilivyo ada. Hakuna mzazi asiyeijua adhabu ile ya kusubiri jina la mwanao huku la jirani limeshapita. Polycarpe alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alisubiri mpaka wa themanini na tisa.

Baadaye alimfuata mwalimu pembeni, kofia mkononi. "Mwalimu, niambie ukweli tu. Kichwa cha huyu mtoto hakishiki?"

Na Pudensiana, aliyekuwa amechoka, aliyekuwa na orodha ya wazazi wengine kumi wanaomsubiri, akajibu kwa upole, akidhani anamfariji: "Mzee wangu, wengine Mungu amewapa kichwa, wengine amewapa mikono. Yeye mikono yake ni mizuri."

Polycarpe akavaa kofia yake. "Nimekusikia," akasema.

Januari mwalimu aliita majina ya waliokariri. Kwa Joséline pakawa kimya. "Amepelekwa Ikola, kule ziwani," mtoto mmoja akasema, "kwa shangazi yake, kuanika dagaa." Pudensiana akaandika "amehama" kwenye daftari la mahudhurio. Alijua fika kwamba sheria inamtaka aulize barua ya uhamisho, aulize shule gani imempokea. Hakuuliza. Tisini na wawili ni nafuu kuliko tisini na watatu.

Hadithi ingekufa hapo, kama zinavyokufa nyingi, kama isingekuwa semina ya mwezi wa sita.

Ilikuwa ya siku moja mjini Mpanda, walimu arobaini wa madarasa ya chini, wamekaa kwenye viti vya plastiki na madaftari mapya. Mwezeshaji alikuwa mwalimu mstaafu aitwaye Mbaruku, mzee mfupi mwenye balaghashia na utani mwingi. Asubuhi hakusalimia mara mbili. Aliandika ubaoni 8 + 4 = □ + 5, akamwambia kila mmoja aandike jibu kwenye kipande cha karatasi, bila jina.

Alizikusanya, akazipanga mezani kama karata. "Thelathini na saba wameandika kumi na mbili," akasema. "Wawili wameandika kumi na saba. Mmoja ameandika saba, na huyo namwomba asitambe." Watu wakacheka. "Haya, walimu wangu. Huku kuna nane na nne, kumi na mbili. Kule mkiweka kumi na mbili na ile tano, mnapata ngapi? Kumi na saba. Kumi na mbili na kumi na saba zinalingana wapi? Sokoni kwenu?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko cha aibu, walimu wanapigana mabega. Mzee akaendelea. Alama ile haimwambii mtoto "toa jibu". Inamwambia huku na huku pana uzito mmoja. Mtoto akilishika hilo akiwa mdogo, hesabu za herufi kule sekondari hazitamtisha, na asipolishika atazikariri bila kuzielewa mpaka aziache. "Ni mizani," alisema. "Kama huna mizani, tafuta chochote chenye pande mbili."

Pudensiana hakucheka. Alikuwa anasikia sauti ya mtoto. Lakini mwalimu, itaanguka. Akaomba ruhusa, akatoka nje na kusimama nyuma ya jengo ameshika ukuta. Alikuwa mmoja wa wale thelathini na saba.

Jioni hiyo hiyo alivuta katoni ya mitihani uvunguni mwa kitanda. Karatasi ya Joséline ilikuwa karibu na chini kabisa. Ile ya tatu, tano imekuwa nne, imepungua moja, basi tisa lazima iwe kumi. Mtoto hata hakujumlisha. Ile ya pili, sita na saba huku, sita kule. Hata kipofu angeona kinachokosekana ni saba, isipokuwa mwalimu. Na vile viduara viwili chini ya kila alama, alivyoviita uchafu, vilikuwa magurudumu. Akachukua kalamu nyekundu, akageuza makosa matatu kuwa vema, akafuta nne na kuandika saba juu ya kumi. Kisha akakaa sakafuni na kulia kwa sauti, mwanamke mzima, mpaka jirani akabisha kuuliza kama kuna msiba.

Kesho yake alimpelekea mwalimu mkuu. Aloyce aliisoma karatasi mara mbili, akaiweka chini. "Mwalimu, mtihani umeshapita bana. Ukianza kusahihisha upya, wale walioandika kumi na mbili utawashusha? Fabrice utamwambia nini? Na wazazi?" Akapunguza sauti. "Na miaka kumi na moja ya nyuma, hiyo utaisahihisha na nani?"

Pudensiana aliichukua karatasi yake. Alikuwa na jibu la mtoto mmoja tu, na ndiye aliyetaka kumrudisha.

Alimkuta Polycarpe nyuma ya nyumba, anafunga mihogo kwenye baiskeli, fungu huku na fungu huku. Pudensiana alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. Akamwonyesha karatasi, akamweleza alichokosea, bila kujitetea. Mzee alisikiliza huku anakaza kamba.

"Kwa hiyo mwanangu alijua," akasema mwishowe.

"Alijua, mzee wangu."

"Na wewe hukujua."

"Sikujua."

"Ukamchapa." Hakupandisha sauti. Afadhali angetukana. "Mimi ndiye niliyemfundisha kupakia baiskeli hii. Uliponiambia kichwa chake hakifai nikakuamini, maana wewe ni mwalimu. Nikamuuliza nyumbani, nikamwambia, Joséline, kumbe wewe ni mjinga? Akasema, ndiyo, data."

Aliachia baiskeli. Ilisimama bila kuegemea popote, mihogo imelingana, kisha akaishika tena. "Nenda Ikola. Kwa dada yangu Vénérande. Mwambie Joséline mwenyewe, si mimi. Akirudi kama alivyokuwa, karibu, shule ni yake. Lakini usiniletee mtoto wa kukaa dawatini anajiona mjinga. Huyo ninaye tayari."

Jumamosi alipanda basi la asubuhi, karatasi imelala kwenye mfuko wa nailoni kifuani. Njia nzima alikuwa akiwaza jinsi atakavyosema, na jinsi mtoto atakavyofurahi. Hilo la kufurahi alilishikilia sana. Mtu akikosa anapenda kufikiri kwamba kutubu kunatosha.

Ikola ilikuwa inanuka dagaa kuanzia stendi. Ziwa limetulia, mitumbwi imevutwa juu, na ufukwe mzima umetandikwa nyavu zenye dagaa zinazometameta juani. Vénérande, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alimpokea kwa heshima zote. "Karibu mwalimu! Karibu sana! Joséline, njoo umwone mgeni wako!"

Alikuwa amerefuka. Alikuwa anageuza dagaa kwa fagio, magamba yamemganda mikononi mpaka viwikoni. Alipomwona mwalimu, fagio likamdondoka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu."

"Huyu mtoto ana mikono!" Vénérande akasema. "Anamaliza nyavu mbili mimi niko kwenye moja." Pudensiana aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, akainama kama anafunga kiatu.

Kisha Joséline akafanya jambo ambalo mwalimu hakulitarajia. Alikimbia ndani, akarudi na daftari, lile lile la masahihisho, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki lisiloane. Akalitoa na kulishika mbele yake.

"Mwalimu ulisema mara hamsini," alisema haraka, kama mtu aliyengoja muda mrefu. "Lakini zile hamsini hazikunikaa. Usiku nilikuwa nasahau, naona saba. Nikaongeza. Masenge akanipa kalamu." Masenge ni shangazi. "Sasa hazinitoki tena."

Pudensiana akafunua. 8 + 4 = 12 + 5. Ukurasa baada ya ukurasa, mbele na nyuma, mwandiko ukinyooka kadiri unavyokwenda, mpaka kwenye jalada. Miezi sita. Mtoto alikuwa amekaa ufukweni huku akijichonga mwenyewe, taratibu, mpaka akatosha kwenye jibu lile.

Akapiga magoti mchangani, akamshika mabega. "Joséline, nisikilize. Ulikuwa sahihi. Ni saba. Mimi ndiye niliyekosa, wewe hukukosa. Umenielewa?"

Mtoto akamtazama usoni, akamtazama shangazi yake, kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mwanafunzi aliyeuona mtego. Walimu wana tabia hiyo, kila mtoto anaijua: unajibu vizuri, anakuuliza una uhakika, kumbe anakupima tu. Akaweka mikono nyuma, akasimama wima. "Kumi na mbili, mwalimu."

"Hapana, sikupimi..." Akageuka, akachota dagaa kutoka kwenye wavu, akapanga mchangani: nane, halafu nne, halafu kando tano. "Tazama hapa. Huku na huku. Ongeza hapa mpaka zilingane."

Joséline hakuhesabu hata kwa midomo. Mkono wake ulienda kwenye wavu ukarudi, akaweka dagaa saba kwenye fungu dogo, akazisawazisha kwa kidole. "Zimelingana."

Pudensiana aliziona saba zile. Lipo! Jibu halijafa, lipo mikononi! Akaandika haraka kwa kidole pembeni ya mafungu, mchangani, 8 + 4 = □ + 5. "Basi andika, mwanangu. Umeweka ngapi? Andika hapo hapo kwenye kisanduku."

Mtoto akainama, akaandika, kwa mwandiko wake mzuri: 12.

"Lakini umeweka saba! Tazama, saba hizi hapa!"

"Hizo ni dagaa, mwalimu," Joséline akasema kwa upole, kama anayemweleza mdogo wake.

"Na baiskeli ya data? Haitaanguka?"

"Baiskeli ni baiskeli, mwalimu," akajibu, ameinua kidevu, kwa ile sauti ya kuimba ya darasani. "Hesabu ni hesabu."

Vénérande akapiga makofi. "Eeh! Umeona? Ameshika!"

Jumatatu Pudensiana angeweza kwenda kwa mtendaji wa kata, na mtendaji angemrudisha mtoto darasani kwa nguvu ya sheria, tena kwa wiki moja. Alilijua hilo. Mtoto mwenyewe angekuja mbio. Lakini alikuwa ameambiwa amrudishe yule yule wa zamani, na yule hakuna mtendaji anayejua aliko. Bado kilibaki kitu kimoja. Akatoa karatasi ya mtihani kifuani, akaikunjua, akampa pamoja na kalamu nyekundu aliyokuja nayo, ili mtoto aone ndiyo iliyogeuza yale makosa. "Soma mwenyewe. Umepata saba. Umefaulu."

Joséline aliifuta mikono kwenye gauni kwanza, mbele na nyuma, ndipo akaipokea. Alisoma kwa makini toka juu. Alifika kwenye zile tatu za mwisho, akaona makosa yaliyogeuzwa kuwa vema, na viduara vyake viwili viwili. Akakunja uso. Akamwonea mwalimu huruma, ilionekana wazi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, ili shangazi asisikie, "hapa ulijisahau."

Akachuchumaa, akaweka karatasi juu ya goti. Akakata saba na kuandika kumi na mbili. Akakata saba ya pili, akaandika kumi na tatu. Akakata kumi, akaandika kumi na nne. Baiskeli akazifuta moja moja kwa wino, mpaka kila mahali palipokuwa na magurudumu pakawa na alama nyekundu. Kule juu akakata saba juu ya kumi, akarudisha nne.

Kisha akasimama, akapiga goti kidogo kama mtoto mwenye adabu, akamrudishia mwalimu kalamu yake kwa mikono miwili.